Mkataa Sare

Kabati langu lina milango mitatu, na nguo zilizomo hazina pa kwenda. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani anasoma habari za mwanamke mwenye akili.

Mimi ni Koleta, nesi wa wodi ya wazazi hapa Nachingwea. Kwa miaka mingi nimejijengea kabati la nguo za wabunifu wakubwa wa Ulaya kwa mshahara wa unesi, bila kukopa na bila kuiba. Watu wakiniuliza siri yake huwa natabasamu kwanza, kwa sababu ni siri ninayopenda sana kuulizwa. Siri yenyewe ni mtumba, na ndani ya mtumba ni Zulfa, anayeuza nguo za gredi ya kwanza sokoni, ambaye siku akifungua belo jipya hunitumia ujumbe wa neno moja: "Njoo."

Nikifika, wenzangu wanarukia maua na vitu vya kumetameta. Mimi naigeuza nguo ndani nje kwanza. Natazama mshono kama umekwenda sawa, bitana kama imekaa, zipu kama inateleza, kitufe cha akiba kama kipo. Nguo iliyoshonwa vizuri ndani haiwezi kukuaibisha nje, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia manesi wenzangu wakati wa chai, waombe wasiombe. Kisha najiuliza kama itavalika na nyingine tatu nilizonazo, ndiyo maana kabati langu lina rangi tatu tu, nyeusi, kijani na rangi ya maziwa, na ukilifungua unaweza kudhani ni la mtawa aliyepata urithi. Nanunua miezi ile ambayo korosho bado zimo mtini na watu hawana hela, maana msimu ukishafunguka, hata asiyejua mbele na nyuma ya sketi anakuwa mshindani wako. Halafu napeleka kwa fundi anibanie kiuno. Na zaidi ya yote, sinunui nguo ya kuvaliwa siku moja. Hiyo ndiyo kanuni niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kila nilipoitamka nilijiona nimesoma sana.

Usione vyaelea, vimeundwa. Shida ni kwamba vyangu havikuelea popote. Kazini navaa sare ya unesi. Kanisani akina mama tuna kitenge chetu chenye picha ya Bikira Maria, na ukija na kingine unaulizwa kama una tatizo la imani. Msibani ni khanga. Harusi, kipaimara, jubilei, kila shughuli huku kwetu ina sare yake, kamati inachagua kitambaa dukani na kila ndugu anakwenda kushona. Kwa hiyo suti yangu ya rangi ya maziwa, yenye bitana ya hariri, imewahi kutoka mara moja, kwenda kununua dagaa. Koti langu refu jeusi nililivaa mwezi wa saba, asubuhi moja yenye kaubaridi, nikapita nalo kijiweni kwa bodaboda. Vijana wakanipa pole, mmoja akaniuliza kama nimeshapima malaria.

Na lilikuwepo gauni la kijani. Lilitoka kwenye belo lililokuwa limejaa nguo za watoto, sijui lilikuwa linatafuta nini humo. Hariri nzito, mikono mirefu, mgongoni mshono usioonekana hata ukiutafuta kwa kidole. Lebo yake ya Kiitaliano nilijifunza kuitamka kwa kusikiliza simu, na hadi leo sijapata wa kumtamkia. Zulfa alilipapasa akasema hili si gauni la kuvaa hovyo, hili ni la kuwekewa siku. Nikaliwekea siku. Nilikuwa naijua: siku ya kumuaga Happy.

Happy ni mdogo wangu. Mama yetu alifariki Happy akiwa darasa la pili, baba akiwa ameshatangulia, nami nilikuwa nimeajiriwa juzi tu. Ukoo ulipokaa baada ya msiba, Mama mkubwa Getruda, dada yake mama, anayeishi Ruangwa, alisema mtoto atakwenda kwake. Alikuwa na haki. Kwetu upande wa mama ndio wenye mtoto, na dada wa mama ni mama. Nikakataa. Nilikuwa kijana na nilikuwa na uchungu, nikasema mbele ya wajomba kwamba Happy hatoki mikononi mwangu. Hakuna aliyebisha, hata Mama mkubwa, nikaondoka na Happy.

Nilimsuka nywele, nilimsomesha, nilimfundisha kugeuza nguo ndani nje. Wachumba walipita wawili watatu, wakamwona Happy, wakaliona na kabati, wakaaga. Sikujali, au nilisema sikujali. Happy akawa mwalimu hapa hapa Nachingwea, akabaki chumba cha pili, jioni tunapika pamoja tukiwacheka walimu wenzake. Alipompata Filbert wake, mtu wa Masasi, kijana mpole anayevaa fulana zenye majina ya benki, nilifurahi kwa dhati. Nilitaka kitu kimoja tu. Kwenye sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, inafika wakati mama anamshika binti mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Nilitaka mkono huo uwe wangu. Mengine yote wangegawana wao.

Sherehe ilipangwa iwe Ruangwa, kwa sababu ukoo wa mama uko Matambarale, huko huko Ruangwa, na binti anaagwa kwa wajomba zake. Mama mkubwa Getruda akawa mwenyekiti wa kamati. Nikajiandaa kwa vita. Niliandaa hoja, niliandaa na machozi. Kumbe siku hiyo hiyo aliyochaguliwa akanipigia simu yeye mwenyewe, akasema mkono ni wangu, mimi ndiye niliyemlea, na hakuna mjomba anayebisha. Nikabaki na ngumi hewani. Mtu aliyejiandaa kupigana akikosa wa kupigana naye ni hatari, maana atamtafuta. Mimi nikaikuta sare.

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la kamati jioni moja. Satini ya njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mama mkubwa alikuwa amenunua majora kwa jumla ili ndugu wa vijijini, Matambarale na Kiegei, wamudu, na alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SARE YA FAMILIA NI HII. Niliitazama picha ile kama nesi anavyotazama kidonda. Niliona nyuzi zinavyochomoka kabla fundi hajashika mkasi. Niliona jasho litakavyoacha alama kwapani. Niliona mwanamke mwenye gauni la hariri kutoka Italia akifungwa kwenye kiini cha yai, siku pekee aliyokuwa ameisubiri.

Mtu mwenye busara angenyamaza akashona. Mimi niliandika insha. Niliwaelimisha ndugu zangu, wengine wakiwa wamenibeba mgongoni, kuhusu nguo ya kudumu na nguo ya kuvaliwa siku moja, kuhusu thamani na bei, kuhusu rangi tatu zinazoelewana. Nikamaliza kwa kusema kwamba naheshimu uamuzi wa kamati ila mimi nitavaa nguo yangu. Kisha shemeji mmoja akatuma mikono miwili inayosali, na mjomba Maximilian, ambaye haandiki kitu zaidi ya salamu, akaandika: "Mkataa wengi mchawi." Akaweka na kisura kinachocheka, lakini mjomba huyo kisura hicho hukiweka hata kwenye taarifa za misiba, kwa hiyo sikujua anamaanisha nini.

Happy aliyaona yote. Jioni hiyo tulipokuwa tunachambua mchicha aliniuliza, bila kuniangalia, "Dada, kwa hiyo sare hushoni?"

Nikamjibu kwa mhadhara. Nilimweleza kuhusu gauni, nikamtolea nikamwonyesha, nikaligeuza ndani nje aone mshono. Aliutazama kwa adabu kabisa. Akasema, "Sawa, dada. Utapendeza balaa." Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake, nilikisikia, nikakipita. Kesho yake nilikwenda kumwuliza Zulfa, naye akasema nisikubali kamwe kuvaa satini. Kumwomba ushauri wa nguo mtu aliyekuuzia nguo ni akili yangu mimi.

Wanawake wa ukoo walihamia Ruangwa siku kadhaa kabla, kama inavyotakiwa. Walichambua mchele, walimenya vitunguu, walilala kwenye mikeka sebuleni kwa Mama mkubwa wakisengenyana na kuimba. Happy alikuwa nao. Mimi nilisema nina zamu, na zamu nilikuwa nayo kweli, ila ningeweza kubadilishana na mwenzangu. Ukweli ni kwamba hariri haikubali kulala kwenye mkeka. Nikaenda siku yenyewe ya sherehe, nimelipia siti mbili kwenye gari, moja yangu na moja ya gauni, na kondakta kila kituo akawa anaeleza abiria kwamba siti ile ina mtu. Nikabadilishia gesti, nikajitazama kwenye kioo chenye ufa, na nitasema kweli: nilipendeza. Nilipendeza hadi nikajisikia huruma kwa watu ambao hawangekuwepo kuniona.

Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amesimama mama mmoja mrefu, ana utepe wa njano mkononi. Jina lake niliambiwa baadaye kuwa ni Lusia, jirani wa Mama mkubwa, na kazi aliyopewa na kamati ilikuwa kupanga watu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, polepole, kisha akainama kidogo. "Karibu sana, mheshimiwa," akasema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema mimi ni nani. Lakini neno lile lilikuwa limenishuka vizuri, kama maji ya mtungi, nikasema asante. Akanitangulia kwa heshima hadi mbele kabisa, upande wa kulia, kwenye meza yenye maji ya chupa na vitambaa vya mikono vilivyokunjwa. Nikakaa na bwana mmoja wa chama cha ushirika na mkewe. Yule mama akasifia gauni langu, akaligusa mkono, akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamtajia lebo. Kwa mara ya kwanza maishani nililitamka lile jina mbele ya mtu, naye akasema "Ahaa," kama anayelijua. Nilikuwa na furaha sana. Nilikaa pale robo saa nzima nikidhani familia imeniheshimu kwa kunitenga.

Kisha taa zikawashwa upande wa kushoto. Ukoo wangu wote ulikuwa kule, safu kwa safu, wa njano. Wajomba wamevaa tai za njano, shangazi na mabinamu magauni ya njano, watoto wachanga vitambaa vya njano kichwani. Hata viti vilikuwa vya njano, kwa sababu Mama mkubwa, mtu wa kubana matumizi, alikuwa ameyatumia majora yaliyobaki kushonea viti nguo. Ukoo na viti vyake vilikuwa sare moja. Mimi nilikuwa ng'ambo, wa kijani, nakunywa maji ya chupa na ushirika.

Bado sikushtuka vya kutosha. Nilishtuka Happy alipoingia. Aliingia akicheza taratibu, amependeza hadi nikasahau pumzi, na alipofika katikati ya ukumbi akageuza uso upande wa kushoto akaanza kutafuta. Nilimwona anavyotafuta. Macho yake yalipita kwenye safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakarudi ya kwanza. Nilinyoosha mkono, nikaupunga, lakini alikuwa amenipa kisogo. Hakuwa na sababu ya kumtafuta dada yake kwenye meza ya wageni. Akaacha kutafuta. Akakaa kwenye kiti chake na akatabasamu lile tabasamu analotoa akiumwa jino. Moyo uliniuma, na uliniuma kwa haki.

Nikainuka kwenda upande wa familia. Lusia akanikuta njiani, amenyoosha mikono miwili kama anayezuia mbuzi.

"Mheshimiwa, huku ni familia."

Nikamwambia mimi ndiye familia, mimi ni dada wa bibi harusi, mimi ndiye ninayemkabidhi. Alinisikiliza kwa upole wote. Akasema ndugu wote wa binti wana sare, ameagizwa na mwenyekiti mwenyewe, na kwamba mwaka jana kwenye shughuli nyingine mtu asiyejulikana alijipenyeza kwa njia hiyo hiyo akala sahani mbili za wali. Nikamwambia aniitie mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mbele kabisa, chini ya spika kubwa kuliko mlango wa kwangu. Nikampigia simu, niliona pochi yake ikiwaka mwanga mapajani, naye hakuona. Nilitaka kupita kwa nguvu. Lusia alikuwa na mwili wa kubeba magunia ya ufuta, na mimi nilikuwa na viatu virefu.

Mshereheshaji akapunguza muziki. Akasema kwa sauti yake ya mafuta kwamba wakati umewadia. Mama mzazi wa Happy alishatangulia mbele ya haki, akasema, lakini Mungu hakumwacha Happy bila mama, na sasa mama mlezi asogee amkabidhi binti kwa wakwe zake kutoka Masasi. Akasubiri. Safu za njano zikatazamana. Nilimwona mjomba Maximilian akimwinamia Mama mkubwa, na Mama mkubwa akitikisa kichwa. Nilijua wanachosema, kwa sababu mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Kwetu mtu akikataa sare amekataa shughuli. Walidhani sikuja.

"Mama mlezi yupo?" mshereheshaji akauliza.

Nikaita. Nikapiga kelele kabisa, nesi mzima, na sauti yangu ikafunikwa na mluzi wa kipaza sauti. Mama mkubwa akaanza kunyanyuka, taratibu, mkono kwenye goti. Ningempoteza Happy dakika ile, mbele ya macho yangu, kwa sababu ya gauni. Na wa kumlaumu hakuwepo.

Mwishoni mwa safu ya nyuma, pale pale nilipozuiwa, kulikuwa na kiti kitupu. Nikakivua nguo.

Sikufikiri. Nilikigeuza kile kitambaa ndani nje, mazoea hayaponi, nikauona mshono: nyuzi ndefu za haraka haraka, fundi hakurudia hata sehemu moja. Maisha yangu yote nimeikimbia mishono ya namna ile. Nikavuta uzi mmoja juu, pote pakafumuka. Nikavuta pembeni, pakafumuka. Nikaingiza kichwa. Kitambaa kikanasa kwenye zipu ya gauni, nikasikia hariri ya Italia ikichanika begani, mlio mrefu usio na haraka. Siku nyingine yoyote ningekaa chini nilie. Nikatoa mikono pembeni, nikashusha kitambaa magotini, na nilipogeuka nikahisi kitu nyuma yangu. Ilikuwa ile sehemu ya kukalia. Fundi alikuwa ameikaza pembe zote na sponji ndani yake, na sasa ilikuwa imesimama kwenye makalio yangu, mraba, tayari kupokea mgeni.

Lusia alinitazama. Uso wake wote ukafunguka kwa nafuu.

"Kumbe ni familia," akasema. "Ungesema, dada. Pita."

Nikapita. Nilipita katikati ya ukumbi mzima wa Ruangwa, nimevaa kiti. Walioanza kucheka ni watoto, kisha akina mama wa safu za nyuma, kisha meza ya wageni. Nilimwona mke wa bwana wa ushirika amejiziba mdomo kwa kile kitambaa chake kilichokunjwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na kila nikipiga hatua ile sponji ilinipiga nyuma kunihimiza. Mama mkubwa alisimama akanitazama nikija. Alipisha njia, kisha akaja nyuma yangu akakishika kile kiti kwa mikono miwili kisiyumbe.

Happy alikuwa amenyanyuka. Alinitazama toka juu hadi chini, akafika kwenye ule mraba, akachungulia nyuma yangu kuuhakikisha. Akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Jamani, huyu ni dada Koleta," akasema. "Msimcheke kwa kuvaa kiti. Mimi nimemkalia tangu darasa la pili."

Ukumbi ulicheka, naye mwenyewe akaanza kulia. Nikamfuta kwa pindo la satini. Satini haifuti machozi, inayasambaza tu, na poda yake yote ikahamia shavu moja. Akaniambia polepole kwamba alinitafuta. Nikamwambia nilimwona akinitafuta.

Mshereheshaji akarudi kazini. Mama yake Filbert alikuwa ameshasimama mbele yetu, mama mnene mwenye uso mwema, ametandika khanga mpya begani na ameunyoosha mkono wake. Nikaambiwa nimshike binti mkono wa kuume. Nikaushika. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miezi, mazuri, yenye Mungu ndani yake na ucheshi kidogo. Hayakuja. Kilichokuja ni mchicha. Niliona mchicha wa kesho kutwa, fungu zima, na mtu mmoja wa kuuchambua. Niliona mlango wa chumba cha pili. Nilikuwa nimepigana na wajomba, na kamati, na Lusia, na kiti, nipate haki ya kuwa mtu wa kumtoa Happy, na katika vita vyote hivyo sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nikishinda, nitamtoa.

"Mama mlezi, sasa tunamkabidhi," mshereheshaji akasema.

Nikaendelea kushika. Mama yake Filbert akasogea kidogo, mkono wake bado uko hewani, akatabasamu na kusubiri. Mshereheshaji akarudia, safari hii kwa utani, na watu wachache wakacheka, kisha wakaacha. Vidole vya Happy vilikuwa vinanibana kwa nguvu ile ile ninayombana. Nilijua naharibu sherehe, nilijua wakwe wanaona, nilijua picha za mnato na za video zinachukuliwa, na mkono wangu haukunisikiliza.

Mama mkubwa alikuwa bado nyuma yangu, ameshikilia kiti. Nilihisi pumzi yake shingoni, ina harufu ya vitunguu vya siku zile zote alizopika bila mimi. Aliniinamia sikioni, akasema kwa sauti ambayo hata Happy hakuisikia.

"Mwachie, Koleta. Hata mimi nilikuachia."

Nikamwachia.